Keki ya Hamira ya Sikukuu Imegoma: Tafuta Kosa Kabla Hujaitupa

Malalamiko haya huja usiku wa kuamkia sikukuu, saa tano au saa sita, mtu kasimama jikoni na bakuli la donge ambalo halijasogea tangu magharibi. Au keki ilipanda vizuri, akaitoa, ikazama katikati mbele ya macho yake. Lawama karibu kila mara huangukia hamira au oveni. Kwa ninavyoona mimi, mara nyingi hivyo viwili vinasingiziwa tu. Anayeharibu ni mkono unaoongeza unga, na mwenzake, mkono unaoongeza joto.

Keki ya namna hii ni ndugu wa mkate kuliko ndugu wa keki ya beking poda. Panettone ya Milano, Stollen ya Ujerumani, kulich ya Pasaka ya Warusi, zote ni ukoo mmoja: unga wa ngano, hamira, na juu yake sukari, siagi na mayai kwa wingi. Vitu hivyo vitatu vinavyoipa utamu ndivyo vinavyoichelewesha hamira na kuizuia gluteni, ile protini ya unga inayolipa donge nguvu, isijifunge vizuri. Ukilielewa hilo, makosa mengi hapa chini utayabaini mwenyewe.

Ili tusipishane, vipimo ninavyovifikiria ni hivi: unga gramu 500, sukari gramu 100, siagi gramu 100 hadi 120, mayai 3, maziwa mililita 150, hamira ya papo hapo gramu 7, chumvi gramu 8. Vyako vikitofautiana kidogo si neno. Lakini kama sukari yako imefika gramu 200 kwa unga huohuo, anza kwa kusoma sehemu inayofuata mara mbili.

## Donge haliumuki

Kwanza hakikisha kwamba kweli haliumuki. Donge zito la siagi huhitaji saa 2 hadi 3 kufikia ukubwa mara mbili, na penye baridi hata 4. Mtu aliyezoea mkate wa kawaida huanza kuhangaika baada ya dakika 50. Jicho pia hudanganya, hasa kwenye bakuli pana. Mimi hukata kipande kidogo cha donge, nakibonyeza ndani ya glasi nyembamba yenye kuta zilizonyooka, nafunga mpira wa nywele usawa wake, kisha glasi inakaa ubavuni mwa bakuli. Kipande kikipanda hadi mara mbili ya mpira, na lililo bakulini limepanda.

Kama glasi nayo haijasogea, sababu ya kwanza kabisa ni baridi. Mayai yametoka kwenye friji, maziwa yametoka kwenye friji, siagi pia, na bakuli la chuma limeongezea lake. Chomeka kipimajoto katikati ya donge. Likitoka kukandwa linatakiwa liwe nyuzi 24 hadi 26 za Selsiasi. Likisoma 18, halijafa, limelala. Liweke ndani ya oveni iliyozimwa, na chini yake bakuli la maji ya moto, ufunge mlango. Maji yakipoa, badilisha.

Oveni iliyozimwa, nimesema. Mwaka mmoja niliona nina akili sana, nikaweka bakuli juu ya oveni iliyokuwa ikioka kitu kingine, ili joto lipande. Baada ya saa moja na nusu juu palikuwa pametulia vilevile. Nilipolipindua donge nikakuta kitako cheupe, kigumu kama mpira wa kandambili, unene wa kidole. Chini lilikuwa limeshaiva. Hamira yote ya upande ule ilikufa, na ile ya juu ilikuwa bado inatafuta joto.

Hapo tunafika kwenye sababu ya pili: hamira imeuawa na maziwa ya moto. Hamira huanza kupata taabu ikizidi nyuzi 45, na inapofika 55 hadi 60 inakufa. Maziwa yaliyochemka yakaachwa "yapoe kidogo" mara nyingi bado yana nyuzi 60 na ushei. Dondoshea tone ndani ya kifundo cha mkono, kama unavyopima chupa ya mtoto. Ukihisi moto, subiri. Hamira ya chengachenga, ile inayoloanishwa kwanza, inapenda nyuzi 38 hadi 43. Ile ya papo hapo haihitaji kuloanishwa, changanya na unga moja kwa moja.

Ya tatu ni sukari. Ikizidi kama sehemu ya kumi ya uzito wa unga, huanza kuinyang'anya hamira maji. Gramu 100 kwa 500 tayari ni sehemu ya tano, kwa hiyo kusuasua ni kawaida na wala si ugonjwa. Dawa yake ni kianzio. Chukua gramu 100 kutoka kwenye unga wako, hamira yote, maziwa yote yakiwa vuguvugu na kijiko cha chai cha sukari. Koroga, funika, acha dakika 30 hadi 45 mpaka lijae mapovu na katikati paanze kubonyea. Hapo ndipo uongeze vilivyobaki. Hamira inakuwa imeshapata nguvu kabla haijakutana na sukari nyingi. Ipo pia hamira iliyotengenezwa mahususi kwa madonge matamu, na pakiti yake huandikwa hivyo. Ukioka kila sikukuu, itafute.

Baada ya hizo tatu ndipo uanze kuishuku hamira yenyewe. Jaribio ni jepesi: nusu kikombe cha maji vuguvugu, kijiko cha chai cha sukari, vijiko viwili vya chai vya hamira. Baada ya dakika 10 povu liwe limevimba na kufunika maji yote. Likiwa jembamba kama la sabuni iliyopoa, hamira imezeeka. Pakiti iliyofunguliwa huishi muda mrefu zaidi kwenye chupa iliyofungwa vizuri ndani ya friji. Huenda pia umebadilisha aina bila kubadilisha kipimo. Gramu 7 za papo hapo ni sawa na kama gramu 9 za chengachenga, au gramu 21 za hamira mbichi.

Mwisho kuna mdalasini. Ukiumwaga kwa wingi ndani ya donge huizuia hamira, kwa hiyo upeleke kwenye matunda au kwenye sukari ya kujaza. Chumvi husingiziwa sana. Gramu 8 haziwezi kuua donge. Ila wapo walioweka kijiko cha mezani palipotakiwa cha chai, na hao donge lao litatambaa siku nzima.

Kama umegundua hamira ilikufa, donge linaokolewa. Koroga gramu 7 mpya kwenye vijiko vitatu vya mezani vya maziwa vuguvugu, mimina juu ya donge, kanda. Litateleza na kukukera kwa dakika kadhaa, kisha litayanywa.

Acha hapa: donge lenye mayai na maziwa lililokaa usiku kucha kwenye joto la chumba bila kuumuka halitengenezwi, linatupwa. Usilionje, mayai na unga mbichi vyote vinaweza kubeba vijidudu. Litupe kwenye pipa lenye mfuniko. Mbwa akila donge bichi, huendelea kuumuka tumboni mwake na kutoa pombe, na zabibu kavu zinaweza kumharibu figo. Akila, mpigie daktari wa mifugo saa hiyohiyo, usisubiri dalili.

## Donge linanata kila mahali

Hapa ndipo keki nyingi huharibikia, ingawa hasara yake huonekana kesho yake, kwenye kisu. Donge linanata, mtu anatupia unga ngumi moja. Linanata tena, anatupia nyingine. Kufikia mwisho ameongeza gramu 100, na anachooka ni mkate mgumu wenye sukari.

Sababu ya kawaida zaidi ni kwamba hujamaliza kukanda. Donge la mayai na siagi *linatakiwa* kunata mwanzoni. Ukikanda kwa mashine, dakika ya tano linakuwa kama gundi, limeng'ang'ania kuta. Dakika ya nane linaanza kujikusanya kwenye ndoano. Kati ya dakika ya kumi na ya kumi na tano unasikia mlio umebadilika: linaanza kupiga kuta, pa, pa, pa, na bakuli linabaki safi nyuma yake. Kwa mkono zidisha muda huo karibu mara mbili. Tumia kikwangulio, na mbinu ya kulivuta, kulipiga mezani na kulikunja. Paka mikono mafuta kidogo au ilowanishe, usiipake unga.

Kipimo ni kimoja. Chukua kipande kama yai, kivute polepole kwa vidole pande zote. Kikitanuka kuwa utando mwembamba unaopitisha mwanga bila kuchanika, umefika. Kikichanika na kuacha kingo za mchongoma, rudi ukakande.

Sababu ya pili ni siagi kuingia mapema. Mafuta huifunika gluteni kabla haijashikana. Kanda kwanza bila siagi mpaka donge liwe na nguvu, ndipo uiweke kipande baada ya kipande, ikiwa laini ya kubonyezeka kwa kidole lakini haijayeyuka. Donge litachanika na kuonekana limeharibika. Usiogope wala usiongeze kitu, litarudi.

Sababu ya tatu ni kupima kwa kikombe. Mayai matatu makubwa na matatu madogo yanaweza kupishana kwa zaidi ya vijiko viwili vya mezani vya maji. Kikombe cha unga uliochotwa kwa kuzamisha huweza kufika gramu 150, na kilichojazwa kwa kijiko gramu 120. Mizani ya jikoni inamaliza ugomvi huu. Kama baada ya dakika 15 za kukanda kwa haki donge bado linamwagika kama uji, ongeza unga gramu 15 tu, kanda dakika mbili, tazama.

Na kuna kisa kimoja kinachowashangaza watu: donge lilikuwa zuri, wakaweka vipande vya nanasi bichi, baada ya saa moja likageuka tope. Nanasi, papai na kiwi vikiwa vibichi vina vimeng'enya vinavyovunjavunja protini, na gluteni ni protini. Hapo hakuna cha kuokoa. Tumia la kopo au lililopikwa. Moto unaviua vimeng'enya hivyo.

## Siagi inatoka, donge linang'aa

Joto limezidi, basi. Siagi huyeyuka ikipita nyuzi 30 na kidogo, kwa hiyo donge hili lisiumuliwe penye zaidi ya 28. Funika, peleka friji dakika 30 hadi 40, kisha likunje mara chache siagi irudi ndani. Kama mashine yenyewe ndiyo inalipasha (shika bakuli, utahisi), pumzika kila baada ya dakika tano. Wengi hulaza donge friji usiku mzima, saa 8 hadi 16, na nawaunga mkono: siagi inaganda, ladha inakua, na asubuhi linakubali kusukwa bila fujo. Likitoka huko hesabu saa 2 zaidi za kuumuka kwa mara ya pili.

## Ilipanda, ikaanguka

Uliza kwanza ilianguka lini. Jibu lake ndilo nusu ya utatuzi.

Ilianguka kabla ya kuingia kwenye oveni, au dakika za mwanzo ndani yake. Imeumuka kupita kiasi. Chombo cha kuokea kijazwe nusu, au kwa wingi kabisa theluthi mbili, na kiingie kwenye oveni donge likiwa limebakiza kama sentimita 2 kufika ukingoni. Likishapita ukingo limechelewa. Bonyeza kwa kidole kilicholowa, kina cha sentimita moja. Shimo likirudi upesi, bado. Likirudi taratibu na kuacha kovu dogo, oka. Likibaki lilivyo, au donge lote likapumua na kushuka, limepitiliza. Lakini kama halijaokwa lina nafasi: litoe, libonyeze hewa itoke, lisuke upya, rudisha. Safari hii litapanda kwa muda mfupi zaidi, kwa hiyo usiende mbali. Wanaoishi nyanda za juu sana huliona tatizo hili zaidi kwa sababu hewa huko ni nyepesi na donge hupanda haraka. Punguza hamira kwa robo.

Ilianguka ulipofungua mlango. Kuta za ndani zilikuwa bado hazijashika. Usifungue dakika 20 za kwanza. Kama keki ni ndefu, 30. Najua unataka kuona.

Ilianguka ilipotoka. Hii ndiyo inayouma zaidi, na sababu yake kuu ni ubichi wa katikati. Kijiti kikitoka kikavu ni dalili nzuri lakini si hati. Kwenye keki ndefu kinaweza kupita penye siagi kikatoka safi, na bado moyo haujaiva. Kipimajoto cha kuchoma hakibahatishi: katikati pasome nyuzi 90 hadi 94.

Kama ilifika 92 na bado ikazama, basi ni laini mno kujibeba yenyewe wakati wa kupoa. Wapishi wa panettone wamelitatua hili kwa kuitundika kichwa chini. Mara inapotoka huchomwa vijiti viwili virefu vya chuma karibu na kitako, vinapita upande hadi upande, kisha hupinduliwa na kuning'inizwa kati ya viti viwili au kwenye mdomo wa sufuria ndefu kwa saa kadhaa, hata usiku kucha. Hii inawezekana tu kama imeokwa ndani ya karatasi nene inayobaki nayo. Ikiwa yako ilikuwa kwenye chombo cha bati, itoe baada ya dakika 10, ilaze ubavu juu ya taulo, uizungushe kila baada ya dakika chache mpaka ipoe.

Kabla sijasahau, kuhusu vyombo virefu. Watu hutumia makopo ya vyakula yaliyokwisha. Mengi ya siku hizi yamepakwa utando kwa ndani ambao haukukusudiwa joto la oveni. Nunua chombo cha karatasi nene cha kuokea.

## Juu imeungua, ndani ni mbichi

Kwa kuwa ina sukari, maziwa na mayai, keki hii hupata rangi mapema sana kuliko inavyoiva. Kosa la kwanza ni moto mkubwa. Keki ya bapa au iliyosukwa ioke kwa nyuzi 180. Ndefu iteremshe hadi 160 au 170, na kama oveni yako ina feni inayozungusha hewa toa nyingine 20. Iweke theluthi ya chini ya oveni, si katikati, maana kilele chake kitapanda karibu na koili. Ikishapata rangi ya asali, ifunike na foili bila kuibana, iendelee kuiva.

Kosa la pili: nyuzi zinazoonyeshwa na kitasa si nyuzi zilizomo ndani. Tofauti ya 20 si ajabu. Kipimajoto kidogo cha kuning'iniza ndani ya oveni kitakuambia ukweli; kiache dakika 30 kabla hujaamini. Kama kitako ndicho kinachoungua, weka trei ya pili chini ya chombo. Kama chombo ni cheusi, punguza nyuzi 10 hadi 15.

Umeshaikata ukakuta moyo mbichi? Ukiwahi ikiwa bado ya moto, ifunge na foili, irudishe kwa nyuzi 150 dakika 15 hadi 20, upime tena. Haitakuwa na sura ya picha lakini italiwa. Ila hakikisha kwanza si kwamba umeikata ikiwa ya moto mno, maana hata keki iliyoiva ukiikata ikifuka moshi huonekana kama imeshikana. Subiri ipoe kabisa.

Mwite fundi, usijaribu mwenyewe, ikiwa joto linapanda na kushuka kwa nyuzi 40 na zaidi wakati hujagusa kitasa, koili imekatika au inatoa cheche, kioo cha mlango kimepata ufa, au swichi kuu inajizima kila ukiwasha oveni. Zima ukutani kwanza. Kwa oveni ya gesi, moto wa njano unaoacha masizi ni wa fundi pia. Ukisikia harufu ya gesi, funga valvu, fungua madirisha, usiwashe wala kuzima taa, usiwashe kiberiti, toka nje na watu wako, upige simu ukiwa huko. Mpira wa mlango uliolegea ndio pekee ninaokuruhusu kuukagua: funga kipande cha karatasi mlangoni, ukivute. Kikitoka bila kukaza, joto linatorokea hapo.

## Ni kavu, inapukutika

Tisa kwa kumi umeongeza unga wakati wa kukanda, au umeipitisha nyuzi 96 kwa ndani. Kama vyote viwili umevikwepa, basi hukuikanda vya kutosha. Gluteni dhaifu hutoa keki ya makombo. Zabibu kavu zilizoingia bila kuloanishwa nazo hunywa maji ya keki siku nzima inayofuata, kwa hiyo ziloweke dakika 20 kwenye maji ya moto au juisi, zichuje, zikaushe kwa taulo.

Keki kavu iliyokwisha kuiva inasaidika kidogo: chemsha sukari gramu 100 na maji mililita 100, toboa keki kwa kijiti, paka maji hayo mara mbili au tatu. Kwa ile ya mara nyingine, jaribu kupika unga. Toa gramu 25 za unga na mililita 125 za maziwa kutoka kwenye vipimo vyako, koroga juu ya moto mdogo mpaka mwiko uache njia chini ya sufuria, poza, changanya na vingine. Unga uliopikwa hushika maji, na keki hubaki laini siku mbili tatu zaidi. Mwanzoni niliona ni mapambo ya bure. Sasa siachi.

## Zabibu zote zimekaa chini

Watu huambiwa wazipake unga. Inasaidia kidogo kwenye keki ya beking poda, hapa karibu haina kazi. Zikizama kwenye keki ya hamira, donge lilikuwa la majimaji mno au halikukandwa vya kutosha kuzibeba. Ziingize mwisho kabisa, baada ya utando kupita jaribio la mwanga, kwa kulikunja donge na si kwa kulipiga kwa mashine, maana zikipasuka hutia donge madoa na kulilegeza.

## Inanuka pombe au chachu

Imeumuka muda mrefu mno au penye joto mno, au mtu aliongeza hamira ili iharakishe. Harufu ndogo hupotea ikipoa. Kali haiondoki, na vanila haiifichi. Mara nyingine tumia hamira kidogo na muda mrefu friji.

## Imepasuka ubavuni

Iliingia kwenye oveni kabla ya wakati, ikawa na nguvu nyingi kuliko ganda, au uso wake ulikauka ilipokuwa inaumuka ukakataa kutanuka. Mara nyingine, inapoumuka, ifunike kwa nailoni iliyopakwa mafuta. Ladha haijaharibika, geuza upande huo ukutani.

## Sukari ya juu inateremka

Keki ilikuwa bado vuguvugu. Pia sukari ya unga gramu 150 huhitaji kama vijiko viwili vya mezani vya maji ya limau, si vitano. Weka kijiko kimoja, koroga, ndipo uamue juu ya cha pili.

## Siku ya tatu: ukungu, au nyuzi zinazovutika

Ukungu unajulikana. Usikate sehemu yenye doa na kula iliyobaki, kwa sababu kwenye kitu chenye matundu kama keki mizizi yake inakuwa imeshakwenda mbali usikokuona. Sababu yake mara nyingi ni kuifunga keki ikiwa bado ina joto, mvuke ukabaki ndani.

Kisichojulikana sana ni hiki kingine. Keki haina doa, lakini ukiimega katikati panavutika nyuzi nyembamba kama za utando wa buibui, pamelowa, na pananuka kama tikiti lililoanza kuoza. Hiyo ni kazi ya bakteria wa jamii ya Bacillus, ambao mbegu zao huja na unga na haziuawi na joto la oveni. Huamka kwenye mkate mzito na wenye unyevu uliokaa penye joto. Tupa keki yote, na usiipashe moto ukidhani utaitakasa. Kisha futa kwa siki kabati, ubao wa kukatia, kisu na chombo ilimokaa, vikauke kabisa kabla hujaweka mkate mwingine. Pakiti ya unga uliyoitumia nayo usiiokee tena. Keki itakayofuata, ukishaona imepoa hadi moyoni, kata vipande, na vile ambavyo havitaliwa ndani ya siku mbili vifunge kimojakimoja uvipeleke kwenye friza.